Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Kilosa: Kabla kijiko hakijagusa ardhi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Mimi ni fundi bomba, mkazi wa Mikumi. Sina chama ninachokisemea wala kampuni iliyonituma. Naandika juu ya jambo ambalo halisomwi kwenye risala za Mwenge wa Uhuru kwa sababu halina jiwe la msingi la kufunua: nyaya na mabomba yaliyofukiwa katika ardhi ya wilaya yako.

Ombi langu nalitaja mapema, ili msaidizi wako akiishia aya hii awe amelipata. Mtu yeyote asichimbe kwa mashine kwenye hifadhi ya barabara, kwenye eneo la reli au katikati ya mji kabla ardhi haijapitiwa na kifaa cha kielektroniki cha kusaka nyaya na mabomba, na kilichopatikana kikachorwa chini kwa rangi. Na kila anayefukia bomba la plastiki au faiba alaze juu yake waya wa chuma unaoweza kusikika na kifaa hicho. Hilo la pili ndilo kubwa kuliko la kwanza, na nitaeleza kwa nini.

Unaweza kuuliza kwa nini jambo hili liwe la Kilosa, wakati miji mikubwa yenye msongamano wa kila kitu chini ya ardhi ipo. Ni kwa sababu wilaya yetu ni njia. Nchi nzima, na hata nchi jirani, hupitisha vitu vyake hapa, na vingi hupita tusivione.

Chukua bomba la mafuta la TAZAMA. Mwaka 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zambia ilikatiwa njia ya mafuta ya kusini. Mapipa yakaanza kwenda Zambia kwa malori kupitia Mikumi, kwenye barabara ya vumbi ambayo madereva waliilinganisha na njia ya kwenda jehanamu. Kisha Waitaliano wakajenga bomba la kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likafunguliwa mwaka 1968. Zambia ina theluthi mbili za hisa zake, Tanzania theluthi moja. Kati ya kituo cha kusukuma mafuta cha Morogoro na kile cha Iringa kipo cha Elphon's Pass. Kwa miaka mingi bomba lilibeba mafuta ghafi yaliyokwenda kusafishwa Ndola. Tangu mwaka 2023 linapitisha dizeli iliyo tayari kuingia kwenye tangi la basi.

Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, hilo nalikubali. Lakini katika bomba hili inasukumwa kwa nguvu ya kupandisha milima ya Iringa na Mbeya. Mtu akilitoboa kwa jino la kijiko cha kuchimbia hatapata upenyo wa kuliziba kwa matambara. Na mito yetu inajulikana inakokwenda: maji ya Mkondoa yanaishia Wami, ya Ruaha Mkuu yanaishia Rufiji. Kitakachomwagika Kilosa kitanyweka mbali na Kilosa.

Halafu kuna reli. Ile ya Mjerumani, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ingali inapita Kilosa mjini, na kutoka hapo linachepuka tawi la kushuka Mikumi hadi Kidatu kukutana na TAZARA. Zaidi ya hiyo imekuja SGR, treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, yenye kituo Kilosa na mahandaki kwenye milima yetu. Abiria anaona nyaya za juu zenye volti 25,000. Haoni nyaya za ishara na mawasiliano zinazokwenda sambamba na tuta, ambazo zikikatwa dereva wa treni hajui kama njia mbele yake iko wazi.

Kuna Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na unasimamiwa na TTCL, sehemu umefukiwa na sehemu umepanda juu ya nguzo za umeme. Makampuni ya simu nayo yana faiba zao kando ya barabara kuu. Mwisho kabisa wa foleni ya heshima ndipo tulipo sisi, watu wa maji: chuma cha zamani, plastiki ya miradi ya wafadhili, plastiki ya vijiji, plastiki ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu ilipoundwa mwaka 2019, na mipira ambayo mwananchi mmoja mmoja ameivusha barabarani usiku bila kumwambia mtu.

Sasa nikueleze namna tunavyojua kilipo kipi. Katika kila ofisi yupo mzee mmoja. Alikuwepo bomba lilipolazwa, au alikuwepo lilipopasuka mara ya mwisho. Kabla ya kuchimba, unampigia simu. Anakwambia, “Piga hatua kumi kutoka kwenye ule mwembe, kuelekea kwenye banda la chipsi.” Mwembe umekatwa. Banda limehama mara kadhaa. Mzee mwenyewe amestaafu, yupo Gairo kwa mwanawe, na siku simu yake itakapokuwa haipatikani ndiyo siku ramani ya maji ya mtaa mzima itakuwa imefutika. Michoro ipo, ndiyo. Mingine ipo Morogoro, mingine Dodoma, mingine kwenye kompyuta ya mkandarasi ambaye mkataba wake ulikwisha. Na mchoro wa mradi huonyesha mahali bomba lilipokusudiwa kupita. Ukikutana na mwamba, unauzunguka, unafukia, unaondoka. Mchoro unabaki umenyooka.

Matokeo yake tunayaishi. Mara moja lilikuja kundi la vibarua kufukia faiba karibu na makazi, wakakata bomba la maji la mtaa. Hawakumwita mtu. Walilifunga kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, wakafukia, wakasonga mbele, maana walikuwa wakilipwa kwa mita. Bomba lilivuja chinichini kwa muda mrefu. Maji yakikatika, tope likawa linanyonywa kuingia ndani, na kina mama wakawa wanakinga maji ya rangi ya chai wakidhani ndiyo dawa ya maji imezidi. Tulipochimba kutafuta kasoro tulichimba mashimo mengi yasiyo na sababu, kwa sababu hata sisi hatukuwa na uhakika bomba letu linapita wapi. Kampuni siitaji, ilikuwa ndogo, na yawezekana haipo tena. Ninachotaka uone ni kwamba kibarua yule hakuwa mhuni. Hakuwa na njia yoyote ya kujua.

Njia ipo. Kifaa ninachokizungumzia kina vipande viwili. Kimoja hurusha mawimbi, kingine hupokea. Kipokezi kina umbo la koleo refu lisilo na ncha, unakitembeza karibu na ardhi huku na huku, nacho hulia kinapopita juu ya kitu. Siri yake ni somo la fizikia la sekondari: waya wowote unaopitiwa na umeme wa kubadilika mwelekeo huzungukwa na uga wa sumaku, na uga huo hauzuiwi na udongo. Umeme wa TANESCO hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Kipokezi kikielekezwa kusikiliza mdundo huo, kinausikia waya ulio hai hata umefukiwa mita moja chini.

Bomba la chuma halina umeme wake, kwa hiyo unalikopesha. Unabana waya wa kirushi kwenye koki au valvu inayoonekana, unachomeka mchomo wa ardhini pembeni, unawasha. Kirushi kinapeleka mawimbi, mara nyingi ya kilohezi 8 au 33, yanayosafiri kwenye chuma cha bomba na kurudi kupitia udongo. Kipokezi sasa kinatafuta sauti hiyo tu, na unaweza kulifuata bomba hilo moja kati ya mengi mpaka mwisho wa mtaa. Chombo hicho hicho kinakadiria kina, kwa kulinganisha nguvu ya mawimbi kwenye antena yake ya chini na ile ya juu. Wakati wa kiangazi, ardhi ya Mikumi inapokauka ikapasuka, mchomo haushiki, na fundi anayejua kazi humwagia ndoo ya maji pale chini. Mambo madogo kama hayo ndiyo hutofautisha aliyefundishwa na aliyekabidhiwa tu.

Nayataja kwa sababu nakuogopesha makusudi, Mheshimiwa. Kifaa hiki kikinunuliwa, kikapigwa picha na kugawiwa kwa mtu ambaye hakufunzwa, kitatudhuru kuliko kutokuwa nacho. Kibarua asiye na kifaa huchimba kwa hofu. Mwenye kifaa kisicholia huchimba kwa kujiamini.

Nacho kina sababu nyingi za kutolia. Waya wa taa za barabarani ukipimwa mchana, taa zikiwa zimezimwa, hausemi kitu. Usiku ndiyo unaamka. Kebo ambayo mizigo yake imesawazika vizuri inaweza kulia kwa unyonge. Kuna pia kulia kwa uongo. Ukiwa kando ya reli, au kando ya kingo za chuma za barabara, au juu ya kalavati lenye nondo, mawimbi hurukia chuma cha jirani na kipokezi kinakuonyesha mahali pasipo. Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, yule wa simu, alileta chombo chake cha kusikiliza chuma ili aitafute risasi mwilini. Hakuipata, na moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba mgonjwa alilala kwenye kitanda cha springi za chuma. Rais akafa. Chombo kilikuwa kinasikia kitanda.

Kwa hiyo kanuni ya wenzetu wa nchi za nje ni kwamba kifaa kinaonyesha mahali pa kuanza kuchimba kwa mkono. Hakitoi ruhusa ya kuingiza mashine. Nchini Uingereza mwongozo wa usalama unataka hata zana za mkononi zenye mota zisikaribie nusu mita ya mstari ulioonyeshwa, mpaka bomba au kebo yenyewe imefukuliwa kwa uangalifu na kuonekana kwa macho. Yaani baada ya teknolojia yote hiyo, anayemaliza kazi bado ni mtu mwenye chepe. Vibarua wetu wasiogope kukosa ajira.

Nikupe mfano wa mahali walipokuwa na kifaa, na sheria, na namba ya simu, na bado wakafa watu. Tarehe 9 Novemba 2004, katika mji wa Walnut Creek, California, mkandarasi alikuwa akilaza bomba jipya kubwa la maji. Bomba la maji, Mheshimiwa, kama haya tunayoyapigania sisi. Kando yake lilipita bomba la petroli la kampuni ya Kinder Morgan. Wenye bomba walikuwa wameshaweka alama za njia yake. Lakini mahali pamoja bomba lilipinda kidogo kisha likarudi kwenye mstari, na alama hazikuonyesha kona hiyo. Zilikwenda moja kwa moja. Kijiko kikatoboa. Petroli ikaruka, ikashika moto, na wafanyakazi watano wakafa. Miezi michache kabla, tarehe 30 Julai mwaka huo huo, huko Ghislenghien nchini Ubelgiji, bomba la gesi lililokuwa limekwaruzwa na mashine ya ujenzi lililipuka. Halikulipuka siku lilipoguswa. Lilikaa na jeraha lake, kisha siku ikafika likapasuka, na watu 24 wakafa.

Soma tena habari ya kona ya Walnut Creek, kisha ufikirie mabomba yetu yaliyozunguka miamba na mibuyu huku michoro ikionyesha mstari ulionyooka.

Sasa nifike kwenye lile nililosema ni kubwa. Kifaa hiki hakisikii plastiki. Unaweza kutembea nacho juu ya bomba la poli la inchi sita lililojaa maji kutoka Zombo hadi Ulaya (nasema Ulaya yetu ya Kilosa, wageni wasichanganyikiwe) na kisilie hata mara moja. Faiba nayo ni kioo na plastiki; isipokuwa ile iliyotengenezwa na ganda la chuma, haina cha kusikika. Na karibu kila kitu tulichofukia katika wilaya hii kwa miaka ya karibuni ni plastiki. Tumekuwa tukizika vitu bubu, kila mradi, kila bajeti, kwa shangwe na ngoma.

Wapo watakaokwambia ipo rada ya ardhini, inayosukumwa kama toroli na kuonyesha hata plastiki. Ipo, na kwenye mchanga mkavu inafanya kazi nzuri. Lakini mawimbi ya rada hunyonywa na udongo wa mfinyanzi uliolowa, na sisi tuna tambarare ya Mkata na mbuga zake za udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Mashine ni ghali, msomaji wake lazima awe mtaalamu, na kwenye udongo wetu wa Machi au Aprili atakuwa anaangalia ukungu. Tusiitegemee.

Dawa ni ndogo hadi inatia aibu kuitaja kwenye barua ya kiongozi: waya. Bomba la plastiki linapolazwa, unalaza juu yake waya mwembamba wenye ganda, na kila baada ya umbali fulani unautoa juu ya ardhi kwenye kisanduku au kwenye chemba ya valvu. Miaka thelathini baadaye fundi ambaye hajazaliwa leo atabana kirushi kwenye ncha ile, na bomba litajitaja lenyewe, na kona zake zote. Juu ya waya, sentimita kama thelathini, unatandika utepe wa plastiki wenye rangi na maandishi ya onyo, ili sululu ikikosea ikutane na utepe kwanza. Gharama ya vyote viwili ukiilinganisha na gharama ya bomba lenyewe na ya kuchimba mtaro haionekani. Lakini vinawezekana siku moja tu, siku mtaro uko wazi. Ukishafukia, umefunga mlango.

Najua hoja itakayokuja mara moja: waya wa shaba utaibiwa. Hoja hiyo ni ya kweli, nami naishi hapa, nawajua wanunuzi wa vyuma chakavu. Ndiyo maana huko nje hutumia zaidi waya wa chuma uliopakwa shaba kwa juu. Mawimbi yanapita vizuri, na kwenye mizani ya chuma chakavu hauna thamani ya kumfanya mtu achimbe mita nzima ya ardhi usiku.

Hoja nyingine ni ya usiri: kwamba kuchora njia za mafuta na mawasiliano ni kuwaelekeza wezi na wahujumu. Mwizi wa mafuta hahitaji rangi yetu. Bomba lenyewe lina nguzo za alama njia nzima, na mwizi ana muda wa kutafuta. Asiye na muda ni dereva wa kijiko aliyeambiwa amalize kabla ya jioni. Michoro ikae ofisini, itolewe kwa kazi husika, anayeichukua asaini. Taarifa si lazima zibandikwe ukutani.

Kuhusu mamlaka, sikutwishi usichokuwa nacho. TANROADS ina wizara yake, TARURA ipo TAMISEMI, RUWASA ipo Wizara ya Maji, TRC ya reli, TANESCO ya umeme na TTCL ya mawasiliano wana wakubwa wao, na TAZAMA ni ya nchi mbili. Huwezi kuwaandikia kanuni. Lakini wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ushauri ya Wilaya, na katika nchi hii Mkuu wa Wilaya akiita kikao, meneja wa wilaya anakuja. Sheria tayari ipo ya kuanzia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inamtaka anayetaka kupitisha kitu kwenye hifadhi ya barabara aombe kibali kwa mamlaka ya barabara, na hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kibali hicho kina masharti. Mnachohitaji kukubaliana ni kwamba sharti moja liwe karatasi ya upimaji: nani amepima, kwa kifaa gani, lini, kimepatikana nini, picha ya rangi iliyochorwa. Bila karatasi hiyo kijiko kisishuke kwenye lori. Mabomba yanayokwenda mashambani na mitaa ya ndani, ambako hifadhi ya barabara haifiki, yawekwe kwenye masharti ya mikataba ya miradi, na wenyeviti wa vijiji waambiwe waulize.

Marekani wana namba moja, 811. Unaipiga siku chache kabla ya kuchimba, wenye mabomba na nyaya wanaarifiwa wote, wanakuja kuchora: nyekundu ni umeme, njano mafuta na gesi, chungwa mawasiliano, bluu maji, kijani majitaka, nyeupe mahali unapokusudia kuchimba. Sisi hatuhitaji kuanza na namba ya taifa. Tuanze na kundi la WhatsApp la mafundi wa taasisi hizo wilayani, lenye sheria moja tu, kwamba anayechimba kesho anatangaza leo. Lakini kuhusu rangi nina tahadhari ya kienyeji. Watu wa Mikumi wanaijua rangi nyekundu kwa herufi ya X, na X wanaijua kwa kubomolewa. Mkianza kunyunyiza mistari myekundu barabarani bila mkutano wa hadhara, kesho yake mtaletewa wakili.

Vifaa na watu vinapatikana bila kusafiri. Seti ya kawaida ni kirushi na kipokezi. Halmashauri inunue mbili kwa mapato ya ndani, moja ikae Kilosa na nyingine Mikumi, zikodishwe kwa wakandarasi kwa ada pamoja na fundi wake, na ada hiyo ilipie ukaguzi wa usahihi wa kila mwaka, maana chombo kisichokaguliwa huanza kudanganya kidogo kidogo. Chuo cha VETA kipo hapa hapa Mikumi. Kozi fupi ya kusaka nyaya na mabomba haihitaji jengo jipya: uwanja wa chuo, mabomba machache ya chuma, kebo, na plastiki zenye waya na zisizo na waya, vyote vimefukiwa mahali ambapo mwalimu anapajua na mwanafunzi hapajui. Sijui chuo kingine nchini ambacho nje ya lango lake pana barabara ya kimataifa, na jirani yake reli na bomba la mafuta. Wanafunzi watakaotoka hapo watatafutwa na makandarasi wa nchi nzima.

Kumbukumbu ziandikwe vizuri kuliko tunavyofanya sasa. Simu ya mkononi inakosea mita kadhaa kukuonyesha ulipo, na mita kadhaa ndiyo tofauti kati ya bomba la maji na bomba la mafuta. Kipimo kichukuliwe kwa tepu kutoka kwenye kitu kisichohama, kama kona ya jengo la serikali, kichwa cha kalavati au nguzo ya kilomita. Na kina kisiaminiwe milele, hasa Kilosa mjini. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mkondoa ilipovunja tuta lake, ikaingia mjini na kung'oa reli kuelekea Gulwe, yalichukua udongo mahali pamoja na kuumwaga pengine. Bomba lililofukiwa mita moja laweza leo kuwa chini ya mita mbili za tope, au kuwa nje kabisa linachungulia mtoni. Mto haukutuachia mchoro mpya. Kila baada ya masika makubwa sehemu hizo zipimwe upya.

Nimeona nikuandikie sasa, nisingoje, kwa sababu ya barabara. Habari ya lami ya Kilosa hadi Mikumi inazungumzwa kila mwaka wa uchaguzi na kila mwaka usio wa uchaguzi. Lami ikija, itakuja na mitaro pande zote, na makalavati, na watu wa maji kuhamisha mabomba, na watu wa faiba kukimbilia kuchimba kabla lami haijamwagwa. Miaka michache hiyo ya uchimbaji ndiyo nafasi ambayo kizazi hiki kitaipata mara moja. Mitaro itakuwa wazi. Ama tutalaza waya, ama tutafunika plastiki bubu kwa tabaka la lami ambalo hakuna mtu atakayeruhusiwa kulikata tena.

Naomba ajenda hii iingie kwenye kikao kijacho cha Kamati ya Ushauri ya Wilaya, waalikwe TAZAMA, TRC na Chuo cha VETA Mikumi pamoja na wajumbe wa kawaida, na maamuzi yake yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata zote zinazopitiwa na barabara ya Kilosa na Mikumi kabla zabuni yoyote ya kuchimba haijatangazwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi bomba, Mikumi